Mtini ndani ya ndoo

Mpangaji hapandi mwembe. Hesabu anaijua: mche wa leo utaanza kuzaa sawasawa baada ya miaka minne au mitano, na kufika hapo kodi itakuwa imepanda, yeye ameshahama na maembe wanakula wengine. Ndiyo maana nyumba nyingi za kupanga za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi hazina mti wa matunda isipokuwa ule uliokutwa kiwanjani, na mwenye hamu ya kulima huishia kwenye sukumawiki ya guniani na mchicha wa beseni lililopasuka. Mtini haumo katika hesabu hiyo. Hukaa kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, huanza kuzaa mwaka wa kwanza au wa pili tangu kupandwa, na siku ya kuhama hupakiwa kwenye Kirikuu pamoja na makochi.

Wengi wameujua mti huu kwa kuusoma kuliko kwa kuuona. Kurani ina sura nzima, ya 95, inayoitwa kwa jina la tunda lake. Katika Injili ya Luka kuna mfano wa mtini uliokaa miaka mitatu bila kuzaa, hadi mtunza shamba akaomba apewe mwaka mmoja zaidi auchimbulie na kuutia samadi. Madukani tini hupatikana zikiwa zimekaushwa na kubanwa kwenye pakiti, nyingi zikitoka Uturuki, nchi inayoongoza duniani kwa zao hili kwa mavuno ya zaidi ya tani 300,000 kwa mwaka. Tini iliyoivia mtini ni habari nyingine kabisa. Ngozi yake ni laini mno kwa safari, haivumilii kreti wala foleni ya barabarani, na ikichumwa kabla ya wakati wake haiongezi utamu hata ikifichwa kabatini wiki nzima. Anayetaka kuijua hana budi kuishi na mti wenyewe.

Miti mingi ya matunda ikitiwa kwenye chombo huvumilia tu. Mtini hunufaika. Ukiachiwa udongo mnono na maji tele, hasa katika miaka ya mwanzo, hukimbilia kurefusha matawi na kutanua majani, na kuzaa hukuweka baadaye. Mizizi ikigonga ukuta wa chombo na kukosa pa kwenda, mti hupunguza mbio za kukua na kuanza kutoa tini kwenye makwapa ya majani, moja au mbili kila kifundo. Watunza bustani wa Uingereza waliligundua jambo hili zamani, na nchi yao ya baridi haikuwapa nafasi ya kubahatisha. Enzi za Malkia Victoria, aliyetaka tini alichimba shimo kando ya ukuta wa kusini unaopokea jua, akazikinga pande zake kwa mabamba ya mawe na kushindilia vifusi vya matofali chini, mti ukae kifungoni ndani ya ardhi. Ndoo inafanya kazi hiyohiyo bila jembe. Inamwondolea pia mwenye nyumba hofu ya mizizi, kwa sababu mtini ulioachiwa ardhi huyafuata maji popote yalipo, na mara nyingi yalipo ni kwenye bomba au karo la choo.

Kuna mfalme aliyekula tini za namna hii. Louis XIV wa Ufaransa alilipenda sana tunda hili, naye alikuwa akijenga makao yake Versailles, kaskazini, mbali na kwao mtini. Kazi ilimwangukia Jean-Baptiste de La Quintinie, mwanasheria aliyeiacha sheria akawa mtunza bustani. Kati ya 1678 na 1683 La Quintinie alitengeneza bustani ya mboga na matunda ya mfalme, ambayo ipo mpaka leo. Mitini aliipanda kwa mamia, mingi ikiwa ndani ya masanduku ya mbao: kiangazi masanduku yalipangwa juani, majira ya baridi yakabebwa kuingizwa ndani. Vibarua ndio waliobeba, bila shaka, lakini kanuni ni ileile ya mwenye ndoo moja barazani.

Karne mbili baadaye kanuni hiyo ilivuka bahari mikononi mwa watu wasio na kasri wala vibarua. Wahamiaji wa Kiitalia waliokwenda Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walibeba vijiti vya mtini kutoka Sicilia na Calabria, wakavipanda kwenye viwanja vidogo vya nyuma ya nyumba huko Brooklyn, Philadelphia na New Jersey. Baridi ya huko huua matawi, hivyo waliifunga miti kwa mablanketi, mazulia makuukuu na karatasi za lami, juu kabisa wakafunika ndoo. Wengine waliweka miti yao kwenye mapipa na kuisukuma gereji. Njia hiyo ya pili ndiyo inayomfaa Mswahili aliyeko Minneapolis au Toronto leo. Majani yakishapukutika, mti hauhitaji mwanga. Huingizwa gereji au chumba cha chini chenye ubaridi wa sentigredi sifuri hadi saba hivi na kupewa kikombe cha maji mara moja kwa mwezi. Chumba chenye joto la kawaida hakifai, kwa kuwa mti utachipua Januari kukiwa hakuna jua. Majira ya kuchipua yakifika, wenye mitini huanza kuitoa mchana na kuirudisha usiku kila redio inapotangaza barafu, na majirani wasiojua hudhani watu hao hawana kazi.

Sasa tunda lenyewe. Chukua tini ambayo haijaiva, ipasue katikati kwa wembe. Utakuta uwazi, na ukutani kumejaa nyuzi ndogo zilizosongamana, mamia kwa mamia, zote zimeelekea ndani. Hizo ni maua. Mtini hauonekani ukichanua kwa sababu maua yake yote yamo ndani ya kile tunachokiita tunda, na mlango pekee ni tundu dogo la kitakoni lililozibwa na magamba yanayopandana. Chembe zinazosagika menoni mtu anapokula tini ndizo matunda halisi, kila moja limetoka kwenye ua lake.

Maua yaliyofungiwa ndani hivyo hupata wapi mbelewele? Hapo ndipo anapoingia nyigu mmoja wa urefu wa milimita mbili hivi, ambaye maisha yake yote yamo ndani ya tini na nje yake hana kazi. Jike hubeba mbelewele kutoka mtini dume, hupenya tundu kwa nguvu kiasi cha kukatika mabawa, na akiingia kwenye tini ya mti jike hapati pa kutaga; hufia humo na mwili wake huyeyushwa na kimeng'enya cha tunda. Kila jamii ya mitini ina nyigu wake. Tunayo mikuyu kwenye kingo za mito yetu, na wenyeji wa Mlima Kenya wana mugumo wao wa heshima, yote ni ndugu wa mtini katika ukoo wenye aina zaidi ya 750, lakini nyigu wa mkuyu hahudumii mtini. Mtu wa Morogoro anaweza kuzungukwa na mikuyu na mtini wake usipate msaada wowote.

Wakulima wa California walilijua hili kwa gharama. Miaka ya 1880 waliagiza maelfu ya pingili za mitini ya Smyrna, mji unaoitwa leo Izmir, ili nao wapate tini kavu zilizokuwa zikisifiwa duniani kote. Miti ikakua vizuri. Kila mwaka ikatoa tini changa, na kila mwaka tini zikaanguka zikiwa na ukubwa wa gololi. Walipoambiwa kwamba Uturuki wakulima hutundika tini za mti dume katikati ya mashamba yao, wengine walicheka wakisema hizo ni imani za wanakijiji. Mkulima George Roeding wa Fresno hakucheka. Akishirikiana na Walter Swingle wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alihangaika mpaka nyigu walipoletwa na kuweka makazi California mwaka 1899. Tini zikaacha kuanguka.

Mkulima wa barazani hana haja ya kupitia yote hayo, mradi achague aina sahihi. Ipo mitini ambayo tini zake hukua na kuiva bila mbelewele na bila nyigu, nayo ndiyo ya kutafuta: Brown Turkey, Celeste, Black Mission, Kadota, na ile ndogo ya Violette de Bordeaux inayopendwa na wenye vyungu kwa kuwa haina tamaa ya urefu. Asiyekula kilichokuwa na mdudu ndani naye apate amani hapa. Aina hizi huzaa mahali ambapo nyigu huyo hayupo kabisa.

Tatizo ni kwamba vitalu vingi vya kwetu huuza "mtini" tu, bila jina la aina, na anayeuza kwa jina mara nyingine amelisikia kwa mwingine. Swali la kumwuliza mwenye kitalu ni moja: mti mama uko wapi, na umezaa? Akiweza kuuonyesha una tini zilizoiva, jina si muhimu tena. Na mche uliooteshwa kwa mbegu aachiwe mwenyewe, hata ukiwa wa bei ya kutupa. Mbegu za tini kavu za pakiti huota kwa urahisi, jambo linalowafurahisha watoto, lakini karibu nusu ya miche hutoka madume, na majike yanayobaki mengi hudai nyigu.

Njia ya kuaminika ni pingili, na ni ya zamani mno. Mwaka 2006 jarida la Science lilichapisha habari za tini tisa zilizoungua, zilizochimbuliwa Gilgal katika bonde la Yordani, si mbali na Yeriko, zenye umri wa zaidi ya miaka 11,000. Watafiti waliozichunguza walisema ni za aina isiyohitaji nyigu, aina ambayo haiwezi kuenea bila mtu kukata tawi na kulichomeka ardhini. Wataalamu wengine hawakukubaliana nao. Lakini kama ni kweli, basi binadamu alipanda pingili ya mtini kabla ya kupanda ngano.

Tawi la kukata liwe limekomaa, la rangi ya kahawia, nene kama penseli au zaidi kidogo, refu sentimita 15 hadi 20, lenye vifundo vitatu au vinne. Likikatwa hutoa utomvu mweupe. Lilazwe kivulini siku moja jeraha likauke. Majani yote yaondolewe. Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo na kutobolewa chini inatosha kuwa kitalu, na kwa kuwa inapitisha mwanga, mizizi itaonekana ikifika ukingoni. Mpaka siku hiyo izungushiwe gazeti, maana mizizi hupenda giza. Ndani uwekwe mchanga wa mto uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi, wenye unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Theluthi mbili za pingili zizame.

Kisha ni kusubiri, na hapa ndipo wengi huharibu. Baada ya wiki mbili au tatu pingili huchipua majani mazuri ya kijani, mwenyewe hufurahi na kuanza kumwagilia. Majani hayo ni ya akiba iliyomo kwenye kijiti. Chini huenda hakuna mzizi hata mmoja. Maji yakizidi, pingili huoza mguuni huku kichwa kikipendeza. Mizizi huhitaji wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi, na kuivuta pingili ili kupima kama imeshika ni njia ya uhakika ya kukata vimizizi vya kwanza.

Pingili iliyoshika hairukii pipa moja kwa moja. Huanza na kopo la lita nne au tano, ikilijaza huhamia ndoo ya lita 20, na mwenye nafasi anaweza kumalizia na nusu pipa la lita 50 au 60. Udongo mwingi unaozunguka mizizi michache hubaki na maji bila mnywaji na kuchacha. Ndoo itobolewe chini matundu matano au sita ya kuingia kidole, na mengine machache ubavuni karibu na kitako. Iwekwe juu ya vipande vya tofali. Hili la tofali watu hulipuuza, kisha siku moja wanagundua mti wao umebadilika ghafla: matawi yanakimbia, majani yameongezeka ukubwa, tini hakuna. Wakijaribu kuisogeza ndoo haisogei. Mzizi umetoka kwenye tundu na kuingia ardhini.

Ndoo nyeusi ina hatari yake. Ikipigwa na jua la mchana wa Dodoma au Muscat ukuta wake hupata moto wa kuunguza mizizi inayougusa, kwa hiyo ipakwe chokaa au ivishwe gunia. Chungu cha udongo hupumua vizuri, ila ni kizito na hukauka upesi.

Udongo wa shamba peke yake haufai. Ndani ya ndoo hushikana ukawa tofali. Mchanganyiko unaofanya kazi ni sehemu mbili za udongo mwepesi, moja ya samadi ya ng'ombe iliyoiva au mboji, na moja ya kitu cha kupitisha maji: mchanga mnene wa mto, chenga za mkaa au makapi ya mpunga. Samadi ya kuku itiwe kwa mkono wa bahili. Mtini ulioshibishwa naitrojeni hurudi kwenye tabia yake ya majani.

Jua ni la lazima. Saa sita kwa siku ni kiwango cha chini, nane ni bora, na baraza lililoezekwa lisilopata jua la moja kwa moja litatoa mti wa mapambo tu. Maji nayo yana kanuni ngumu kidogo kwenye chombo kuliko ardhini. Mti wenye majani kamili kwenye ndoo ya lita 20 unaweza kudai maji kila siku wakati wa joto. Ukikaushwa mara moja tu, tini changa huanguka zote. Ukikaushwa kisha ukamwagiwa maji mengi kwa pamoja, tini zinazokaribia kuiva hupasuka. Kidole kizamishwe sentimita tatu nne kabla ya kumwagilia, na uso wa udongo ufunikwe kwa nyasi kavu. Wa pwani wanaotegemea visima vya maji ya chumvichumvi wana la ziada: mtini huvumilia chumvi kwa kiasi, lakini ndani ya ndoo chumvi haina pa kwenda isipooshwa. Mara moja kwa mwezi imiminwe maji ya mvua au ya bomba mpaka yatiririke chini kwa wingi.

Pwani si kwao mtini, na heri kulisema wazi. Ni mti wa nchi kavu zenye jua refu, na tini inayoiva wakati wa mvua huchachuka ikiwa mtini, maji na wadudu wakiingilia lile tundu la kitakoni. Mahali pake hasa hapa kwetu ni kama Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600 hivi na inanyesha msimu mmoja. Wakulima wa zabibu wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka kwa kutumia mkasi: wanapogoa, mzabibu unachipua upya, na machipukizi hayo hubeba matunda. Mtini nao unaitikia mkasi vivyo hivyo. Huko Valinhos, katika jimbo la São Paulo nchini Brazili, wakulima hukata karibu matawi yote kila mwaka na kuacha visiki vifupi, na mavuno yote hutoka kwenye matawi mapya.

Kwa hiyo hata mtu wa Dar es Salaam anaweza kupanga. Kuanzia kupogoa hadi tini kuiva ni miezi mitano hivi. Mti ukipogolewa Januari, matawi hukua wakati wa masika, tini huanza kunenepa mvua zinapokatika, na kuiva huangukia Juni na Julai, miezi mikavu yenye hewa nyepesi. Masika yenyewe ni mtihani, kwa sababu unyevu huleta ugonjwa wa kutu: madoa ya rangi ya matofali chini ya jani, kisha jani kukauka na kuanguka. Mti wa shambani ungeloa bila pa kukimbilia. Ndoo inasogezwa chini ya upenu, na majani yaliyoanguka hukusanywa na kuchomwa yasirudishe ugonjwa.

Matawi mapya yakishatoa majani matano au sita, ncha zake hunyofolewa kwa vidole. Mti ukizuiwa kurefuka huelekeza nguvu kwenye vifundo, na baada ya majuma machache vitini vya ukubwa wa punje ya mtama huonekana kwenye makwapa.

Wiki za kwanza vinakua haraka. Halafu vinasimama. Kwa mwezi mzima au zaidi tini hubaki ileile, ngumu na ya kijani, na mwenye mti huanza kushuku mbolea, maji, hata jicho la jirani. Hakuna kilichoharibika, ndivyo tunda hili linavyokua, kwa hatua tatu, na ya kati ni ya kimya huku mbegu zikikomaa. Hatua ya mwisho hufanyika kwa siku chache: tini hunenepa, hubadilika rangi na kulainika, mara nyingi kwa muda usiozidi wiki moja.

Watu wa kale hawakuwa na subira hiyo. Theophrastus, mwanafalsafa Mgiriki aliyesoma kwa Aristotle, aliandika kwamba makuyu ya Misri yalikwaruzwa kwa kucha za chuma na kuiva siku ya nne. Nabii Amosi katika Biblia anajitambulisha kuwa mtunzaji wa mikuyu, na wafasiri wengi huielewa kazi hiyo kuwa ni uchanjaji huohuo. Sababu yake inajulikana leo: tunda lililojeruhiwa hutoa gesi ya ethilini, ileile inayoivisha ndizi zilizofunikwa shimoni. Kwa tini za kawaida mbinu ya Mediterania ni laini zaidi, tone la mafuta ya zeituni kwenye tundu la kitakoni pindi tini inapoanza kubadili rangi. Huwahi kuiva kwa siku kadhaa. Ikipakwa mapema mno hulainika bila utamu, kwa hiyo mwenye mti mmoja hana sababu kubwa ya kuharakisha.

Iliyoiva haihitaji kubanwa ili ijulikane. Shingo hulegea na tini huning'inia ikiangalia chini, ngozi hupata mipasuko myembamba, na kwenye tundu huweza kutokea tone la asali. Ichumwe asubuhi, kwa kuizungusha na kikonyo chake. Kwenye joto la chumba itakaa siku mbili, kwenye friji karibu wiki.

Ndege wanazijua dalili hizo kabla ya mtu. Kuzumburu huja kwa kundi alfajiri, popo huja usiku, sisimizi hawana saa. Kipande cha chandarua kikuukuu kilichofungwa kwenye kila tawi lenye matunda kinatosha kwa wote isipokuwa sisimizi, ambao huzuiwa kwa kusimamisha matofali ya ndoo kwenye visahani vya maji. Mbuzi hupenda majani ya mtini kupita kiasi, na anayefuga asiweke ndoo mahali shingo ya mbuzi inapofika. Adui mkubwa wa mtini wa ardhini katika nchi za joto, minyoo fundo inayovimbisha na kudhoofisha mizizi, hapati nafasi kwenye ndoo iliyotiwa udongo safi, hasa ukiwa umeanikwa juani chini ya nailoni kwa wiki kadhaa kabla ya kupanda. Vidung'ata na vidugamba hujitokeza kwenye mashina, nao hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Mwenye mti naye ajikinge. Utomvu mweupe wa mtini ukigusa ngozi kisha ngozi ikapigwa na jua huleta malengelenge na madoa yanayokaa muda mrefu. Upogoaji ufanywe jioni, mikono ikiwa na glavu na shati la mikono mirefu, na watoto wasiachiwe kuchezea majani yaliyokatwa.

Baada ya miaka miwili au mitatu mti huanza kuchoka. Maji hukaa juu yasizame, majani hudogoka, tini hupungua. Ndoo ilazwe ubavu wakati mti umepogolewa, igongwegongwe, mti uvutwe kwa shina. Hutoka bonge la mizizi lenye umbo kamili la ndoo, mizizi imezungukana mpaka udongo hauonekani. Kwa msumeno wa mbao au panga kali bonge hilo hukatwa pande zote sentimita tatu hadi tano, na chini sentimita tano hivi. Inatisha kuliko ilivyo. Mtini huvumilia ukataji ambao ungeua mchungwa. Udongo mpya huwekwa chini na pembeni na kushindiliwa kwa kijiti usiache mifuko ya hewa, kisha maji mengi mara moja. Mti ukae kivulini wiki mbili, na mbolea isitiwe mpaka majani mapya yafunguke. Matawi yaliyokatwa siku hiyo, yakiwa na unene wa penseli, ni pingili tayari, na kwa kawaida huwa ni nyingi kuliko ndoo zilizopo nyumbani.